Siku za Desemba Zisizopigiwa Kengele

Mwezi wa Desemba umetufikia tena. Mvua ingali inanyesha, njia zinateleza, na maharage ya kwanza yanakaribia kung'olewa. Ukimwuliza mtu ye yote wa usharikani Desemba ina siku kuu ngapi, atakujibu pasipo kufikiri: Moja, Krismasi. Akiikumbuka serikali, ataongeza tarehe 9, siku ya Uhuru wa Tanganyika uliopatikana mwaka 1961. Na akikumbuka kuwa siku ya pili ya Krismasi hakuna kazi, ataitaja Boksingi Dei, ingawa maana ya jina lenyewe haijui.

Mwaka jana mwalimu mmoja wa upande wa Biharamulo alinionyesha kalenda ya ukutani, akaweka kidole chake juu ya maandishi madogo madogo, akaniuliza: "Mchungaji, shikamoo. Hawa watu walioandikwa hapa chini ya tarehe ni nani? Mbona hatuwafundishi?" Nilimwitikia marahaba, nikamjibu nusu, kwa kuwa nusu nyingine nilikuwa sijaisoma. Somo hili ni malipo ya deni lile. Sitaifuata kalenda tarehe kwa tarehe, maana siku nyingine zina neno dogo tu, na nyingine zina mambo mengi.

Tuanze na siku ambayo haikuandikwa na Kanisa. Tarehe 1 Desemba ni siku ya UKIMWI duniani, iliyoanza kushikwa mwaka 1988. Sisi wa mkoa wa Kagera tulikuwa na haki ya kuijua kabla ya wengine wote wa nchi hii, kwa kuwa wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu mwaka 1983. Siku zile ugonjwa haukuwa na jina hilo. Watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wachuuzi kutoka Uganda. Wengine waliuita Silimu, kwa vile ulivyomkondesha mtu. Nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu tu, shamba la migomba likawa pori. Leo ziko dawa, na aliyeambukizwa akizitumia vizuri huishi, hufanya kazi, na hulea watoto wake. Lakini wako wanaoficha kadi zao za dawa chini ya godoro, kwa kuogopa macho ya washarika wenzao, na hilo ni letu kulitazama. Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia sikuzote kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba. Kwa hiyo siku hii haiko mbali nayo kamwe, na mwalimu atakayeitaja katika maombi hatakuwa ametoka nje ya njia yake.

Tarehe 3 ni siku ya watu wenye ulemavu, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1992. Tarehe 10 ni siku ya haki za binadamu, kwa ukumbusho wa Tangazo lililotolewa mwaka 1948. Ni siku njema zote mbili, lakini zimeelezwa vya kutosha katika magazeti, basi nazipita.

Tarehe 6 ni ya Nikolao, askofu wa Mira katika nchi ambayo leo huitwa Uturuki. Aliishi katika karne ya nne. Husimuliwa kuwa alisikia habari za baba mmoja fukara, mwenye binti watatu asioweza kuwaoza kwa kukosa mali, akawa karibu kuwatoa katika njia mbaya. Nikolao akaenda usiku, akatupa mfuko wa dhahabu ndani ya nyumba kwa siri, mara tatu. Kwa ajili ya hadithi hiyo watoto wa Ulaya walipewa zawadi tarehe 6 Desemba muda wa karne nyingi, nao Walutheri wa Ujerumani ndio walioanza kuzihamisha zawadi zile mpaka siku ya Kuzaliwa kwa Bwana. Yule mzee mwenye ndevu nyeupe na kanzu nyekundu, anayechorwa siku hizi hata madukani mwa Ngara mjini, ni huyu huyu askofu aliyevaliwa nguo nyingine. Mimi nampenda zaidi yule wa kwanza, ambaye alitoa usiku asionekane, kuliko huyu wa pili apendaye kupigwa picha.

Sasa niseme juu ya siku ya kale ya nchi zetu, ingawa wengine watashangaa kuiona katika gazeti hili. Jirani zetu wa Burundi walikuwa na siku kuu ya mwezi wa Desemba iitwayo Umuganuro. Ilikuwa siku ya mtama. Mwami alikula kwanza chakula cha mtama mbele ya watu wake, ngoma zikalia, nayo Karyenda, ngoma ya ufalme, ikaheshimiwa. Ndipo nchi nzima ilipojua kuwa wakati wa kupanda mtama umefika. Hapana aliyetangulia kupanda kabla ya Mwami. Siku hiyo ilikoma kufanywa katika miaka ya 1920, wakati wa utawala wa Wabelgiji, na wamisionari walikuwa miongoni mwa walioipinga, kwa kuwa ilichanganyika na ibada za jadi.

Kwa nini niwakumbushe watu wa Ngara jambo hili? Kwa sababu Bugufi, yaani sehemu kubwa ya wilaya hiyo, ilihesabiwa zamani katika milki ya Mwami wa Burundi, mpaka wazungu walipokata mipaka yao baada ya vita vya kwanza vya dunia, Waingereza wakabaki nayo. Lugha ya Wahangaza na lugha ya Warundi husikilizana bila mkalimani. Mababu walioiona siku ya mtama hawako tena, lakini ngoma zenyewe hazikufa: mwaka 2014 shirika la UNESCO liliandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa wanadamu. Sitetei ibada za kale. Nasema tu kwamba mkulima aliyengoja neno kabla ya kutia mbegu katika ardhi alikuwa anajua kitu juu ya Majilio, hata kama hajalisikia jina lake.

Na ndugu zetu Wahaya wa Bukoba nao wana siku kuu yao ya majira haya, isiyo na tarehe wala mhubiri, nayo ni senene. Wakishuka usiku, hakuna anayelala. Watu wa Uganda hata mwezi wa Novemba wameuita Museneene kwa ajili yao. Aliyewahi kuletewa kifurushi cha senene waliokaangwa atakubali kuwa ni siku kuu kweli.

Tarehe 13 ni ya Lusia. Alikuwa msichana wa Sirakusa katika kisiwa cha Sisilia, akauawa kwa ajili ya imani yapata mwaka 304, wakati wa mateso ya Kaisari Diokletiano. Jina lake limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya nuru. Wanaomkumbuka kuliko wote ni Wasweden, nao ni Walutheri. Asubuhi kungali giza, msichana huvaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, juu ya kichwa chake taji yenye mishumaa inayowaka, akaingia akiimba, na wenziwe nyuma yake. Wasweden walikuja Bukoba wakati wa vita vya pili vya dunia, baada ya Wajerumani wa misioni ya Betheli kuondolewa, na tangu hapo jina la Lusia limejulikana kwa wachache wetu.

Mtu atauliza: Kwa nini tarehe 13, na kwa nini mishumaa mingi hivyo? Hapa pana jambo la elimu ya jua ambalo walimu watapenda kulifundisha. Katika nchi za kaskazini Desemba ni mwezi wa giza. Katika sehemu nyingi za Sweden jua huonekana saa chache tu, na kaskazini kabisa halionekani hata kidogo. Usiku mrefu kuliko wote siku hizi ni ule wa tarehe 21 au 22. Lakini kalenda ya zamani, ile ya Kaisari Yulio, ilikuwa ikipotea kidogo kidogo, yapata siku moja kila miaka 128, hata katika karne ya kumi na nne usiku mrefu ukaangukia siku ya Lusia. Papa Gregorio akaisahihisha kalenda mwaka 1582 kwa kuruka siku kumi. Wasweden walikubali masahihisho hayo mwaka 1753 tu. Usiku mrefu ukarudi mbele, lakini Lusia akabaki mahali pake, na taji yake ya moto pia.

Kwetu sisi mambo ni kinyume. Ngara na Biharamulo ziko kusini ya ikweta, nyuzi mbili na nusu hivi, kwa hiyo mchana wa Desemba ndio mrefu kuliko wa miezi mingine. Ila umezidi ule wa Juni kwa dakika kumi na nane tu au pungufu, na hakuna mkulima aliyeona tofauti. Kivuli ndicho kinachoonyesha. Mwalimu na awachukue watoto wa shule ya Jumapili mpaka uwanjani tarehe 21, asimike fimbo ya mita moja wima kabisa, apime kivuli kinapokuwa kifupi kuliko saa zote. Watakiona kimelala upande wa kaskazini, urefu wake sentimita 38 hivi. Wakirudia mwezi wa Juni watakikuta kimegeuka, kimelala kusini, nacho ni kirefu zaidi. Tena wataona ajabu ya pili: kivuli kifupi hakiji saa sita kamili, bali saa saba kasoro dakika tano hivi, maana saa za Tanzania zimepangwa kwa jua la mashariki, ndani ya Bahari ya Hindi, nasi tuko mbali nalo. Mtoto aliyelipima jua kwa fimbo hatakubali upesi kila aambiwalo, na hiyo ni faida kwa mwalimu mwenye subira.

Siku hiyo hiyo ya tarehe 21 ndiyo ya mtume Tomaso katika kalenda ya zamani. Wakatoliki waliihamisha mwaka 1969 mpaka tarehe 3 Julai, lakini Walutheri wengi na baadhi ya Waanglikana wameiacha palepale. Wazee waliomweka mwenye shaka katika usiku mrefu kuliko wote walijua walifanyalo.

Baada ya Krismasi zinakuja siku tatu pamoja: Stefano tarehe 26, Yohana mwandishi wa Injili tarehe 27, na Watoto wa Bethlehemu tarehe 28. Siku ya Yohana haina neno gumu. Hizi nyingine mbili ndizo zilizonifanya niandike.

Kwanza tuondoe kosa. Boksingi Dei si siku ya ngumi, ijapokuwa vijana wa mijini hupanga mapambano ya ngumi siku hiyo na kuujaza ukumbi. Jina lake ni la Waingereza, nalo latoka katika neno la sanduku. Zamani watumishi, waliofanya kazi siku ya Krismasi nyumbani mwa mabwana zao, walipewa siku ya pili sanduku la fedha au vitu, nao maskini wakagawiwa sadaka. Basi ni siku ya kugawa. Na Stefano, mwenye siku hiyo kabla ya Waingereza, alikuwa nani? Wengi wanakumbuka mawe aliyopigwa. Wachache wanakumbuka kazi aliyochaguliwa kuifanya. Someni Matendo ya Mitume sura ya sita. Katika Yerusalemu palikuwa na manung'uniko juu ya mgawo wa chakula wa kila siku: wajane wenye kusema Kiyunani walisahauliwa, na wajane wenyeji walipewa. Ugomvi wa kwanza wa Kanisa ulioandikwa haukuwa juu ya mafundisho. Ulikuwa juu ya posho, juu ya lugha, na juu ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Stefano na wenziwe sita waliwekwa kusimamia meza.

Watu wa Ngara hawahitaji mtu wa kuwaeleza posho na wageni. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Haijapata kuonekana mara nyingi duniani watu wengi hivyo kuvuka mpaka kwa muda mfupi hivyo. Wakapanga hema Benaco, mahali palipopata jina lake kwa kampuni ya Waitaliano waliotengeneza barabara, kisha Lumasi na kambi nyingine. Miti ikakatwa kwa kuni, mashamba yakaliwa, visima vikakauka. Na tena biashara ikakua, vijana wa wilaya wakapata kazi katika mashirika. Wenyeji walinung'unika kuwa mgeni anapewa unga na mafuta, na mwenyeji aliyeharibiwa shamba hapewi. Ni manung'uniko yale yale ya Yerusalemu, ila yamegeuzwa upande.

Ikaja Desemba ya mwaka 1996. Mwanzoni mwa mwezi serikali ya Tanzania pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa walitangaza kuwa wakimbizi wote wa Rwanda watarajiwe kurudi kwao kabla ya tarehe 31. Katikati ya mwezi makundi makubwa yaliziacha kambi, lakini badala ya kwenda magharibi kuelekea Rusumo walikwenda mashariki, ndani ya nchi. Askari waliwazuia wakawageuza. Kisha barabara ikajaa watu, mchana na usiku, mvua ikinyesha, wamebeba magodoro, sufuria, na watoto mgongoni. Mwaka ulipokwisha, zaidi ya watu 450,000 walikuwa wamekwisha kurudi Rwanda. Krismasi ile katika vijiji vya kando ya barabara ilikuwa hivyo.

Watu hawajapatana mpaka leo juu ya jambo lile. Wako wanaosema ilikuwa lazima, nchi ilikuwa imechoka na vita vilikuwa vimekwisha. Na wako waliolaumu kuwa watu hawakupewa nafasi ya kuchagua. Tena katika mstari ule ule wa watu walikuwamo waliomwaga damu mwaka 1994, na walikuwamo waliowakimbia wauaji, na walikuwamo watoto waliozaliwa Benaco wasioijua Rwanda kabisa. Aliyesimama kando ya njia hakuweza kuwatenga mmoja mmoja kwa macho. Nami sidai kuweza.

Lakini tarehe 28 Desemba Kanisa linawakumbuka watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode, na mtoto mmoja aliyeokoka kwa kuchukuliwa usiku mpaka Misri, nchi ya kigeni, akakaa huko mpaka aliyetafuta roho yake alipokufa. Injili ya Mathayo haisemi Wamisri waliwapokeaje. Haisemi kama walipewa shamba, au waliombwa karatasi, au mama yake alinung'unikiwa kisimani. Nafikiri kunyamaza huko ni nafasi waliyoachiwa wasomaji wa nchi zilizopata kuwa Misri ya watu wengine, na Ngara imekuwa hivyo zaidi ya mara moja, kwa kuwa Warundi pia walikaa Lukole muda mrefu. Kalenda nyingi za ukutani haziitaji siku hii kabisa. Nawaomba walimu wa Ngara na Biharamulo waiandike kwa mkono. Waanglikana wa Murgwanza na Wakatoliki wa Rulenge wanayo siku hiyo hiyo katika vitabu vyao vya ibada, hivyo hakuna kizuizi cha kuishika pamoja, na wazee wa kando ya barabara wakasimulia waliyoyaona mwaka 1996 kabla hawajaondoka nayo. Umoja wa Mataifa nao uliiweka tarehe 18 Desemba, tangu mwaka 2000, kuwa siku ya watu wahamao nchi. Asiyeweza kuwakusanya watu baada ya Krismasi anaweza kuitumia hiyo.

Waethiopia nao wana kusanyiko kubwa tarehe 28, ijapokuwa kwa kalenda yao ni tarehe 19 ya mwezi wa Tahsas. Huenda kwa maelfu mpaka Kulubi, karibu na mji wa Dire Dawa, wengine kwa miguu safari ya siku nyingi, kwa ukumbusho wa malaika Gabrieli, ambaye kwa mapokeo yao ndiye aliyewaokoa vijana watatu katika tanuru ya Nebukadneza. Krismasi yao wenyewe inakuwa bado haijafika. Wao huishika tarehe 7 Januari.

Imebaki tarehe 31. Wajerumani huuita usiku ule Silvester, kwa jina la askofu wa Rumi aliyekufa tarehe hiyo mwaka 335. Desturi ya kukesha kanisani mpaka mwaka mpya uingie ilienezwa na Wamoravia wa Herrnhut katika miaka ya 1730, nao Wamethodisti wakaipokea kwao. Huko Marekani watu weusi walikesha hivyo usiku wa tarehe 31 Desemba 1862, wakingoja asubuhi ambayo tangazo la Rais Lincoln la kuwafungua watumwa wa majimbo yaliyoasi lingeanza nguvu yake, na makanisa yao mengi hukesha mpaka leo kwa sababu hiyo.

Kwetu kengele hupigwa saa sita kamili ya usiku, kwa saa ya simu ya mkononi au ya redio. Lakini wale waliopima kivuli kwa fimbo watawakumbusha wazee kuwa jua lina hesabu yake. Kwa jua la Ngara usiku wa manane wa tarehe hiyo hufika saa saba kamili, na Biharamulo dakika mbili tatu kabla. Wimbo wa mwisho unapokwisha na watu wakipeana mikono mlangoni, mwaka wa zamani unakuwa umebakiza kitambo kidogo, nao hutembea gizani kurudi nyumbani wakiwa bado ndani yake.